Morris Minor ya babu inazima njiani, na rimu za Vitz "zimeingia". Nishaurini kabla ya harusi

Mwana_Mikindani · Jumapili, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Maelezo ni marefu, mwenye haraka apite tu.

Nina Morris Minor 1000 ya kijivu, injini ya cc 1098. Ilikuwa ya babu mzaa baba, alisomesha Lindi miaka mingi. Aliinunua 1967 ikiwa imeshatumika, na mpaka anastaafu alikuwa akiiosha kwa mkono wake kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Alipofariki gari likabaki chini ya mwembe hapa Mikindani miaka 12, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Korosho zilipolipa vizuri nikalifufua: breki, tanki, rangi, kiti cha kuku nacho. Injini yenyewe sina ugomvi nayo, haili oili wala haitoi moshi. Hendeli bado ipo, na nikitaka kuwakoga majirani asubuhi naiwasha kwa hendeli, mzunguko wa pili inaitika.

Shida ni mbili. Ya kwanza, inazima ikishapata moto. Natoka Mikindani vizuri, nikikaribia Mnazi Mmoja inaanza kumisi, inakohoa mara tatu nne, kimya. Nafungua boneti, nakaa kivulini nusu saa, nawasha, inawaka kama si yenyewe. Mwezi uliopita nimevutwa na bajaji. Bajaji, wakuu! Watoto wa njia panda walinisindikiza wakiimba.

Fundi wangu hapa mjini anasema platini, vile vidude vya ndani ya distributa vinavyofunga na kufungua umeme wa cheche, zimepitwa na wakati, tung'oe tuweke mfumo wa elektroniki, shida itakwisha siku hiyo hiyo. Pesa yake si ndogo, ndiyo maana nauliza kwanza.

Ya pili ni rimu. Za asili ni nyembamba, inchi 14. Ninazo tano pamoja na ya spea, mbili zimeliwa na kutu, hewa yetu ya chumvi mnaijua. Tairi zake ni 5.20-14 zilizopasuka kama kisigino cha mvuvi. Dukani inchi 14 zipo tele ila nene, 175 na 185. Kijana mmoja akaniuzia rimu nne za sporti za Vitz, inchi 14, matundu manne, kwa 200,000. Tumejaribu mbili za nyuma: zimeingia zenyewe, hakuna nyundo wala kusukumana. Nikaenda nazo Naliendele na kurudi. Zinapendeza kwa kweli. Nati mbili nilizikuta zimelegea kidogo, nikakaza, basi.

Haraka yangu ni hii: mdogo wangu wa kike anaolewa Masasi mwezi ujao. Hataki Harrier wala Alphard, kasema atashuka kwenye Morris ya babu au harusi iahirishwe. Ni kama kilomita 200. Kazi yangu ni kupima korosho ghalani, kwa hiyo namba nipeni tu, haziniogopeshi.

---

Chuma_Chakavu · Jumapili, saa 3 na nusu usiku

Mkuu, weka injini ya 4K ya Corolla na giaboksi ya gia tano, ulale usingizi. Spea ziko kila kona mpaka Tandahimba. Babu hatafufuka kukuuliza.

---

Fundi_Mtanda · Jumatatu, saa 1 asubuhi

Marahaba kijana. Mimi niko Lindi, gereji nimewaachia wanangu ila masikio bado yangu. Kazi nilianza 1968 chini ya mtu aliyekuwa Nachingwea enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, ule uliokufa 1951 ukawaachia ninyi bandari na reli, na reli yenyewe ikang'olewa. Alikuwa na kofi jepesi yule. Ukigusa gari lililozima kabla hujamwambia limekosa nini, moto (yaani cheche za plagi) au mafuta, unalo.

Sasa wewe umezimikiwa mara ngapi, na hata mara moja hujaniambia ulitazama nini. Umekaa kivulini tu.

Anza na mafuta. Morris ina pampu ya umeme, SU, imefungwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, inagonga tik tik tik, halafu inanyamaza kabureta ikishajaa. Siku ikizima, funga swichi, fungua tena, sikiliza. Haigongi kabisa? Pampu imelala, maana nayo ndani ina platini zake ambazo watu huzisahau. Ipige kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, mwizi umemshika. Ikigonga mfululizo bila kunyamaza, inavuta hewa au tanki ni kavu. Ikigonga mara chache ikanyamaza, mafuta yapo, hamia kwenye moto.

Kwenye moto, chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa, ushike kwa koleo yenye mpira, ncha iwe milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzio apige stata. Cheche nene ya bluu inayolia, huna neno. Cheche ya njano inayosinzia, au giza, basi fungua kifuniko.

Distributa yako itakuwa Lucas 25D4, soma pembeni imeandikwa. Ndiyo iliyokuwa kwenye Land Rover nyingi za zamani, kwa hiyo platini, kondensa na rota usivitafute kwa jina la Morris, utazeeka. Ulizia vya Land Rover. Platini zifunguke milimita 0.35 hadi 0.40, kisigino chake kikiwa kimepanda kwenye pembe ya shafti, si pengine. Nimeona vijana wanapima kisigino kikiwa bondeni halafu wanashangaa gari halina nguvu.

Kabla hujafunga, toa rota, shika ncha ya shafti, isukume huku na huku. Ikicheza mpaka jicho linaona, bushi imekwisha, na hapo kipimo cha platini utakachoweka asubuhi si utakachokikuta jioni.

Gari linalozima likiwa la moto na kuwaka likipoa, mimi naanza kuishuku kondensa, kisha koili. Kondensa za siku hizi zina maisha ya nzi. Ya zamani ikitoka usiitupe, iweke dashibodi.

Elektroniki siipingi. Ila kama mgonjwa ni pampu, utaifunga hiyo elektroniki na bajaji itakuvuta tena.

---

Waya_Mwekundu · Jumatatu, saa 4 asubuhi

Chikongola hapa, fundi umeme. Mzee kamaliza, mimi naongeza alichokuficha fundi wako, au hakijui.

Morris Minor zote zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi. Fungua boneti sasa hivi utazame waya upi wa betri umefungwa kwenye chuma cha gari. Kama miaka hii yote hakuna aliyegeuza, ni chanya. Moduli ya kawaida, yaani hicho kidude cha elektroniki kinachoshika nafasi ya platini, ni ya hasi kwenye bodi. Ukiifunga kwenye gari lako hivyo hivyo, inaungua kabla hujafunga boneti, na ile harufu utakaa nayo wiki. Zipo zilizotengenezwa kwa magari ya chanya kwenye bodi, Pertronix wanazo, AccuSpark wanazo, ila lazima uitaje hivyo unapoagiza, na useme 25D4.

Au ugeuze gari liwe hasi kwenye bodi. Si kazi kubwa: geuza waya za betri, badilisha waya mbili za koili ziende upande mwingine, kisha uifundishe dainamo upande mpya. Unachomoa waya zake zote mbili, unachukua waya kutoka kwenye ncha ya betri isiyo ya bodi, unaigusisha kwenye terminali ya F ya dainamo kwa sekunde moja, inatoa cheche, unarudisha waya. Ukisahau hatua hiyo dainamo inachaji kinyume. Kama kuna redio ya babu humo, itoe kwanza.

Raha ya moduli ni kwamba haina kinachosuguana. Inasoma sumaku iliyo chini ya rota, kwa hiyo hata shafti ikicheza kidogo haijali kama platini zinavyojali. Koili iwe ya ohm 3 hivi, pima kwa mita. Waya za plagi za shaba tupu haziipendi moduli, weka zile zenye ukinzani ndani.

Karaha nayo nikwambie, imenikuta mimi. Nina Land Rover 109, niliweka moduli, nikatamba mji mzima. Siku moja nimesimama Mingoyo kula samaki, nikaacha swichi wazi injini ikiwa imezimwa, nasikiliza mpira. Dakika arobaini. Narudi, gari kimya. Moduli imekufa, na moduli ikifa njiani huichokonoi kwa msasa kama platini. Haifi kwa dalili, inakufa kama taa. Tangu siku ile nina sahani ya platini kamili na kondensa yake kwenye soksi chini ya kiti. Dakika ishirini unarudi enzi za babu.

Jambo jingine la bure kabisa: chomoa mrija mwembamba wa vakyumu upande wa kabureta, fungua kifuniko cha distributa, nyonya mrija kwa mdomo. Sahani ya platini izunguke kidogo na ibaki hapo ukiziba kwa ulimi. Isipotikisika, kiwambo kimetoboka. Ikitikisika, tazama kile kiwaya kidogo cha ndani kinavyovutwa kila sahani inapogeuka. Fikiria kimevutwa hivyo tangu 1967.

---

BintiKereza · Jumatatu, saa 6 mchana

Mwana Mikindani, kabla ya platini na pampu, hilo gari lisitoke nyumbani kesho. Wote wamesoma "nati mbili zimelegea kidogo, nikakaza, basi" wakapita. Mimi siku nzima niko kwenye mashine ya kereza, nimeisoma mara tatu.

Pima. Kwa habu ya matundu manne ni rahisi: kutoka ukingo wa ndani wa stadi moja (zile bolti zinazopokea nati) mpaka ukingo wa nje wa stadi inayotazamana nayo. Kwenye Morris utapata inchi 4 kamili, yaani milimita 101.6. Kwenye rimu ya Vitz pima hivyo hivyo, tundu kwa tundu: milimita 100. Starlet ni 100, Corolla ya 110 ni 100. Za 101.6 ni ndugu zake wa Kiingereza, Mini na MG Midget. Tofauti ni 1.6, kila tundu liko ndani kwa milimita 0.8. Kwenye gunia la korosho 0.8 si kitu. Kwenye gurudumu ni kitu.

Utauliza, mbona zimeingia zenyewe? Kwa sababu stadi ya Morris ni nyembamba, inchi 3/8, milimita 9.5. Tundu la Vitz limetobolewa kwa stadi ya milimita 12. Stadi yako inaogelea humo. Ingekataa kuingia ningefurahi, ungejua mapema. Rimu haikai kwa stadi kupita kwenye tundu, inakaa kwa ule mdomo wa nati uliochongoka unaolala kwenye kikombe cha rimu. Nati yako ni ndogo kuliko kikombe, na stadi haiko katikati ya kikombe, kwa hiyo nati inagusa upande mmoja tu. Unakaza, mkono unakuambia imekaza. Ukienda kilomita kumi rimu inajitafutia nafasi, nati inalegea. Unakaza tena. Kila mzunguko stadi inapinda kidogo na kurudi, na chuma kinachopindwa na kurudi kina siku yake.

Rimu za Vitz zitoe leo. Kisha tazama uso wa kila tundu, uniambie umeona nini.

Najua swali linalofuata, nimeshaulizwa na wengine: nikuchongee adapta? Nimekataa na nitakataa. Sahani ya kubadilisha duara la stadi inataka unene wa kutosha kushika stadi mbili tofauti, inasukuma gurudumu nje, na mabawa ya nyuma ya Morris yamelikumbatia tairi kama kanga. Itakula bawa kwenye tuta la kwanza. Tundu kulitanua kwa tupa ndiyo usiseme kabisa.

Njia zilizobaki ninazozijua. Uingereza wanauza rimu za chuma za inchi 14 zenye duara la Morris, zilizopanuliwa kidogo. Hizo zinabeba 165/70R14, na kimo chake ni karibu kile kile: milimita 355.6 za rimu jumlisha 231 za tairi, 586.6. Nzuri, ila harusi itapita kabla kontena halijafika. Rimu za inchi 13 za Midget zinaingia pia, duara ni lile lile, ila gari linashuka na spidomita inakudanganya.

Ya tatu ni kubaki na rimu za babu, na ndiyo ningeifuata mimi. 175 uliyoona dukani usiipandishe kwenye rimu nyembamba vile, itavimba mashavu na kwenye kona gari litayumba kama mtumbwi. Lakini Probox za karibuni, zile za kuanzia 2014, zinavaa 155/80R14. Wenye Minor huko Uingereza wengi wanavalisha 145 au 155 kwenye rimu ile ile ya asili. Kimo ni 603.6, haina tofauti ya kukusumbua. Ni tairi za mzigo, ngumu, kwa hiyo usiruhusu wakujazie hewa ya Probox iliyobeba simenti. Na utie tyubu: rimu za zamani hazina kile kituta cha ndani kinachozuia tairi isibanduke upepo ukipungua.

Zenye kutu usizihukumu kwa macho. Piga brashi ya waya mpaka chuma cheupe, hasa kuzunguka matundu ya nati. Kutu ya usoni inasafishika. Ukiona ufa mwembamba kama unywele unaotoka kwenye tundu, hiyo ni ya kupandia maua.

---

Mwana_Mikindani · Jumatano, saa 2 usiku

Dada BintiKereza, nimenyamaza siku mbili kwa aibu.

Nimezitoa. Kila tundu lina alama inayong'aa, imeliwa, umbo la mwezi mwandamo. Upande mmoja tu, wa nje, matundu yote manne, rimu zote mbili. Na unga wa kijivu wa alumini kwenye nyuzi za stadi. Nilizipangusa kwa kitambaa kikatoka cheusi. Nilikuwa na mama mzazi kwenye gari siku ya Naliendele.

Stadi mbili nimezibadilisha, nilipokaza nati kwa mkono ilikuwa inakwama katikati. Sitaki kujua zimepinda kiasi gani.

Mzee Fundi Mtanda, nimefanya ulivyosema. Jana nimeipeleka makusudi kwa rimu za babu na tairi zile za kisigino, polepole, mpaka ikazima. Kabla ya Mnazi Mmoja, kama ada. Swichi: tik tik tik tik, kimya. Mafuta yapo. Waya mnene: giza tupu. Kwa hiyo ni moto, na mwizi yuko kwenye distributa au koili. Nimenunua kondensa mpya ya Land Rover, nimeweka. Leo nimejaribu tena, imezima pale pale. Koili mita inasema ohm 3.1 ya baridi, na ya moto karibu hivyo hivyo.

Shafti inacheza. Si sana, ila jicho linaona.

Chanya iko kwenye bodi kweli. Nilipomwambia fundi wangu akanyamaza kidogo, kisha akasema "hizo zinategemea".

---

Chuma_Chakavu · Jumatano, saa 2 na robo usiku

4K haina hayo yote. Nasema tu.

---

BintiKereza · Jumatano, saa 3 usiku

Niletee distributa, usilete gari. Bushi nitakuchongea ya bronzi, inalala kwenye oili usiku kucha kabla ya kuingia. Kabla hujaitoa piga picha rota inatazama wapi, na uweke alama ya rangi kwenye shingo yake na kwenye injini. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na rota inazunguka kinyume cha saa. Usije ukarudi hapa unalia.

---

Fundi_Mtanda · Alhamisi, saa 12 na nusu asubuhi

Kondensa nimekosea, nakubali. Unapoitoa distributa fungua kila kitu kilicho juu ya sahani, kila waya uvute kwa kidole, wenye kitambaa zaidi ya wote. Usiniambie "unaonekana mzima".

Rimu mbili za Morris ninazo hapa. Zinakandamiza bati la banda la kuku tangu tufani ya Hidaya. Ukija na mawe mazito mawili nakupa bure.

---

Mwana_Mikindani · Jumapili, saa 10 jioni

Mzee, mwizi ni yule uliyemsema, waya wa kitambaa!

Kuna waya mfupi, kama kidole changu cha shahada, unaotoka terminali ya pembeni ya distributa kuingia ndani kwenye platini. Kitambaa chake kizima kabisa, kahawia, hakina hata doa. Ndiyo maana sote tuliupita. Niliushika kwa kucha nikauvuta, ukanyooka. Ukarefuka, kama mpira. Nikauchana kwa wembe: shaba ya ndani imekatika yote, nyuzi zimesimama pande mbili kama miswaki miwili inayotazamana. Kilichokuwa kimeushika ni kitambaa tu. Injini ikiwa baridi nyuzi zinagusana. Ikipata moto, na sahani ikigeuka kama Waya Mwekundu alivyosema, zinaachana.

Waya Mwekundu amenipa kipande cha waya laini wa nyuzi nyingi, nimeulehemu. Haukufika hata 1,000. Fundi wangu alikuwa ananiuzia moduli.

Bushi imeingia, shafti imetulia. Platini 0.38. Kwa mara ya kwanza gari linanguruma pale pale bila kutetemesha vioo.

Moduli nitaagiza baadaye, ya chanya kwenye bodi, kwa ajili ya kutembelea mjini. Harusi itakwenda na platini, na platini nyingine kwenye soksi.

---

Waya_Mwekundu · Jumapili, saa 11 jioni

Soksi safi lakini.

---

Mwana_Mikindani · wiki tatu baadaye, Jumatatu, saa 4 usiku

Wadau, mrejesho, maana wengine mmenipigia simu mkidhani tumelala porini.

Rimu: tatu za babu, mbili za banda la kuku la Lindi, zote brashi, praima, rangi ya krimu kama zilivyokuwa. Moja ya zangu ilikuwa na ule unywele, dada, umetoka kwenye tundu la nati kwenda nje kama nusu ya kucha. Ungepakwa rangi usingeonekana. Imepandwa mrehani, mama kafurahi. Tairi 155/80 nimezipata Dar, zimekuja kwa basi, tyubu tano. Gari limekaa juu vizuri, usukani umekuwa mwepesi hata naogopa.

Tumetoka Mtwara saa 11 alfajiri. Mimi usukani, bibi harusi nyuma na shangazi wawili, na begi la nguo ambalo lingetosha kuhamia. Mnazi Mmoja tukapita. Nilipunguza mwendo kwa mazoea, nikasubiri ikohoe. Haikukohoa. Wale watoto walikuwepo, wakapunga mikono, nadhani hawakulijua gari bila bajaji mbele yake. Mtama tukapita.

Nyangao ikazima.

Haikumisi wala haikukohoa, ilififia tu kama mtu anayesinzia. Nikafungua boneti, jasho linanitoka, shangazi mmoja ameshaanza kusoma dua. Funga swichi, fungua swichi. Kimya. Hakuna tik. Nikacheka peke yangu pale barabarani mpaka wakadhani nimerukwa. Bisibisi nimeiacha nyumbani juu ya meza, naiona kwa macho ya moyo. Mdogo wangu akateremsha kioo, mikono yote miwili ina hina mpaka kwenye viwiko, akauliza nataka nini. Nikamwambia kitu cha kugongea pampu. Akatoa mguu mlangoni, akasema vua hicho.

Kiatu cheupe cha harusi, kisigino cha inchi tatu. Nikaipiga pampu mara mbili. Tik tik tik tik, kimya. Tukafika Masasi saa 4 kasoro, kiatu kina doa la grisi ambalo picha zote zimelinasa.

Platini za pampu nimeshazisafisha leo. Zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu.

Rimu nne za Vitz zipo, inchi 14, za sporti. Mwenye Vitz aje, 150,000. Mwenye Morris simuuzii.